Shubiri Moja Kati ya Jirani na Jirani



Hapa Ganjoni nyumba nyingi za zamani zimebomolewa, na mahali pao pamesimama maghorofa. Kila msingi mpya uchimbwapo, swali la kale huzuka: mpaka uko wapi? Babu zetu waliutambua kwa ukuta, kwa mti au kwa uchochoro. Mjukuu anayejenga huutazama kwenye karatasi, na karatasi na ukuta si lazima vikubaliane. Hapo ndipo majirani waliozikana na kuozana huanza kupitana mlangoni bila salamu.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya kwamba anyakuaye hata shubiri ya ardhi kwa dhuluma atavikwa ardhi saba shingoni Siku ya Kiyama. Ni yeye pia aliyetukataza kumzuilia jirani asichomeke boriti katika ukuta wetu. Mafunzo hayo mawili yaenda pamoja: haki ya mwenzio usiiguse, na iliyo yako usimbanie.

Basi tufanyeje? Kwanza, ujenzi usimame kabla ukuta haujapanda. Msingi wa jana huhamishwa kwa maneno. Ghorofa ya tatu haiondoki ila kwa amri. Pili, twende kwa jirani na hatimiliki mkononi, pamoja na mzee wa mtaa au imamu, si pamoja na mafundi na masururu. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, yahimiza jamii kumaliza migogoro ya ardhi kwa njia zake zisizopingana na Katiba. Tatu, tumwite mpima ardhi mwenye leseni azitafute bikoni kwa kufuata ramani ya kiwanja. Alipwe na pande mbili, asije akashukiwa na mmoja. Makubaliano yaandikwe na kutiwa saini mbele ya mashahidi.

Ikishindikana, wako wanaokimbilia kwa Kadhi. Kadhi huamua warithi wa nyumba ni nani na mafungu yao ni yapi, lakini mpaka na jirani haumo katika mamlaka yake. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, yaelekeza kuwa mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa uamuliwe kwanza na Msajili wa Ardhi, baada ya kuziita pande zote. Kabla ya hapo mahakama haiisikilizi kesi. Na kung'oa alama ya mpaka bila idhini yake ni kosa la jinai.

Nao wenye nyumba bila ardhi, ambao ni wengi Mombasa, wakumbuke kuwa mpaka si wao wa kuupanga peke yao. Mwenye ardhi sharti awepo.

Wala tusinyamaze kwa kuona haya. Mwenye ardhi akimwacha mwingine aikalie waziwazi bila ruhusa kwa miaka 12, aweza kuipoteza haki yake. Kwa hiyo tukimwachia jirani kipande kwa ihsani, tuandike kuwa ni ruhusa. Sisi twajuana, watoto wetu huenda wasijuane, na karatasi hiyo ndiyo itakayowaepusha na ugomvi ambao hawakuuanzisha.