Tambi za kisu za Korea kwa unga wa chapati

Watoto wanaotazama tamthilia za Kikorea huona bakuli la tambi likifuka mvuke, kisha wakataka na wao. Nyumba nyingi humalizia kwenye pakiti: maji ya moto, dakika chache, mtoto anakula.

Tatizo la pakiti ni chumvi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate pungufu ya hapo. Baadhi ya pakiti, zikiliwa na viungo vyake vyote, hukaribia kiwango hicho kwa mlo mmoja tu.

Huko Korea Kusini, tambi za pakiti zilianza kutengenezwa mwaka 1963. Lakini nyumbani watu hupika pia kalguksu, maana yake “tambi za kisu”, kwa sababu donge husukumwa na kukatwa kwa kisu. Zamani ngano ilikuwa adimu nchini humo, na tambi zilikuwa chakula cha sherehe. Urefu wake huashiria maisha marefu. Hadi leo kijana ambaye hajaoa au kuolewa huulizwa atawalisha watu tambi lini, kama Waswahili wanavyouliza pilau litaliwa lini. Baada ya vita ya 1950 hadi 1953, unga wa msaada kutoka Marekani uliingia kwa wingi, na tambi za kisu zikawa chakula cha kawaida, hasa siku za mvua.

Kwa mzazi, uzuri wake ni kwamba unga ni ule ule wa chapati, na chumvi anaipima mwenyewe.

Mahitaji (watu 4)
- Unga wa ngano gramu 400
- Maji mililita 200 hivi na chumvi nusu kijiko cha chai
- Dagaa wakavu konzi moja
- Viazi mviringo 2, karoti 1, kitunguu maji 1
- Kitunguu saumu punje 3 na majani ya kitunguu
- Sosi ya soya kijiko 1 cha chakula

Namna ya kupika
1. Changanya unga, chumvi na maji kidogo kidogo. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Kanda dakika 10, funika, liache nusu saa.
2. Ondoa vichwa na matumbo ya dagaa, maana huleta uchungu. Waoshe, wakaange bila mafuta dakika 2, kisha wachemshe kwa lita 2 za maji pamoja na kitunguu maji kwa dakika 15. Chuja supu.
3. Sukuma donge liwe jembamba, unene wa milimita 2 hadi 3. Nyunyiza unga wa kutosha, likunje kama karatasi, kata vipande vya upana wa milimita 4 au 5. Zikung’ute tambi ili zisishikane.
4. Chemsha viazi na karoti kwenye supu hadi vianze kulainika. Tia kitunguu saumu na tambi, koroga, pika dakika 5 hadi 6. Unga uliobaki kwenye tambi ndio unaoifanya supu iwe nzito kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.
5. Pakua sehemu ya watoto wadogo kwanza. Ndipo utie sosi ya soya, kwa kuwa nayo ina chumvi nyingi. Malizia na majani ya kitunguu.

Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kukanda, kunyunyiza unga na kukung’uta tambi. Kisu na sufuria ya moto vibaki kwa mkubwa. Anayejifunza kula akatiwe tambi fupi asije akakabwa. Mwenye mzio wa ngano, samaki au soya asipewe chakula hiki.

Tambi zikikaa kwenye supu huvimba na kulegea, hivyo familia iitwe mezani kabla sufuria haijaepuliwa. Zilizobaki mbichi zinyunyiziwe unga na kugandishwa kwenye friza. Siku ya kupika zitiwe moja kwa moja kwenye supu inayochemka.