UZI: Meli nazo zinatuziba pumzi

1/ Akija mgonjwa wa pumu, manesi tunaimba wimbo uleule: epuka vumbi, epuka moshi wa kuni, acha sigara. Sawa. Ila mama wa Kurasini au Kigamboni auepuke vipi moshi wa meli? Ahame?

2/ Tuelewane kwanza. Mafuta yana salfa. Yakiungua, salfa inatoka kama gesi, salfa dayoksaidi. Ukiivuta, njia za hewa zinabana. Kwa mwenye pumu ni suala la dakika tu, hasa akiwa anakimbia au amebeba mzigo. Inayobaki hewani inageuka asidi na chembe ndogo mno zinazozama ndani kabisa ya mapafu. London, Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe wenye gesi hii uliua maelfu ya watu ndani ya siku chache.

3/ Barabarani tulishaamka. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi miligramu 50 kwa kilo. Safi sana. Sasa meli? Tangu 2020 sheria ya dunia inaziruhusu asilimia 0.5, yaani miligramu 5,000 kwa kilo. Mara 100 ya dizeli ya daladala! Na meli ikifunga gati haizimi kila kitu, jenereta zinaendelea kuunguruma.

4/ Meli hiyohiyo ikifunga gati Rotterdam, mwisho ni asilimia 0.1. Ndiyo sheria ya bandari za Umoja wa Ulaya tangu 2010. Na msiniambie ni mambo ya Wazungu: tangu Mei 2025 bahari yote ya Mediterania ina kiwango hicho, Alexandria na Tunis zimo. Mapafu ya mtoto wa Tunis na ya mtoto wa Likoni yana tofauti gani?

5/ Eti "bidhaa zitapanda bei". Kwani sasa hivi halipi mtu? Analipa mama anayenunua dawa ya kuvuta. Analipia bodaboda saa nane usiku kumkimbiza mtoto hospitali. Mtoto analipa kwa kukosa shule. Gharama ipo, ila amebebeshwa asiye na meli.

6/ Tudai mambo mawili. Kwanza, meli yoyote ikifunga gati Dar, Tanga au Mombasa, itumie mafuta ya asilimia 0.1. Pili, vifungwe vipimo vya hewa jirani na bandari, na majibu yawekwe hadharani kila siku. Shirika la Afya Duniani linataka gesi hii isizidi mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Sisi tuko ngapi? Asije mtu kutuambia hewa ni safi kwa kuangalia juu, gesi hii haina rangi.

7/ Nebulaiza inamtoa mtu kwenye hatari usiku mmoja. Haizibi bomba la meli. Mtumie mbunge wako uzi huu, umuulize msimamo wake.