Walimu Wetu, Acheni Kudharauliana



Kuna maradhi katika ofisi za walimu na tumeyanyamazia mno. Mwalimu wa sayansi humwona wa Kiswahili au wa dini kuwa kasomea kilichobaki. Ustadhati wa chuoni naye husema wa skuli wanafundisha dunia tu. Wote humcheka mwalimu wa maandalizi, eti mlezi wa watoto. Na somo anayemfunda bi harusi, hata jina la mwalimu hapewi.

Mpaka kwenye posa huulizwa: "Anasomesha nini?" Ikiwa fizikia, watu hukaa vizuri. Ikiwa maandalizi: "Aa, basi."

Sisi hatukubali, kwa sababu anayeumia ni mwanafunzi.

Chukueni mirathi. Suratun Nisaa inampa mjane robo ikiwa mume hakuacha mtoto, na thumni ikiwa ameacha. Ustadhati anaijua hukumu, lakini kuitoa thumni baada ya deni na wasia ni hesabu. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, aliweka masuala ya mirathi humo humo. Yeye hakuona aibu kuvichanganya. Sisi tunaona aibu ya nini?

Au chukueni hedhi. Mwalimu wa bayolojia anaeleza mwili, ustadhati anaeleza twahara, somo anaeleza maisha na mume. Kila mmoja akimwambia binti kwamba mwenzake hajui kitu, binti atauliza wapi? Siku damu ikizidi kawaida atanyamaza, hajui apeleke suala lake chuoni au hospitali. Na kumbe linahitaji kote kuwili.

Mtasema sayansi ni ngumu na walimu wake ni wachache. Kweli. Lakini uchache wako haumfanyi mwenzako kuwa duni. Na wewe mwanasayansi, nani alikushika mkono ukaandika herufi ya kwanza?

Walimu mnaotusoma, mwanafunzi akikuuliza lisilo lako, mpeleke kwa mwenzako kwa heshima, na mtaje kwa jina la mwalimu. Nawe bibi harusi mtarajiwa unayesomesha maandalizi, wakija kuuliza, jibu kwa sauti. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wabillahi tawfiq.