Barua isiyoeleweka nayo huumiza

Wiki hii siandiki kuhusu ugonjwa. Naandika kuhusu karatasi.

Miezi kadhaa iliyopita aliingia kliniki kwangu mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, akisindikizwa na binti yake. Presha yake ilisoma 190 kwa 110. Nilishtuka, maana kwa zaidi ya mwaka mzima mzee huyu alikuwa mgonjwa wangu mwenye nidhamu kuliko wote. Dawa zake alizimeza kwa saa, kama anayewahi gwaride. Nilipomuuliza kama bado anazitumia, alinyamaza. Binti ndiye aliyejibu: "Daktari, siku hizi anakata kidonge nusu. Anasema pensheni imesimamishwa, kwa hiyo dawa zilizopo lazima zisogee."

Mzee akatoa bahasha ya kaki kwenye mfuko wa shati. Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Ilianza na yale maneno tunayoyajua sote, "Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu." Ikafuata aya ya vifungu vya sheria, kisha kumbukumbu namba ya barua nyingine ambayo mzee hakuwahi kuipata. Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba hakuna pensheni iliyosimamishwa. Alitakiwa tu kwenda kuhakikiwa, akiwa na kitambulisho na nyaraka zake za kustaafu. Malipo yangesimama iwapo asingefika kabla ya tarehe fulani, na tarehe hiyo ilikuwa imejificha katikati ya ukurasa wa pili. Zilikuwa zimebaki siku nne.

"Mzee wangu, kwa nini hukuuliza?" nilimwambia. Akanijibu, "Mwanangu, barua ya serikali haiulizwi. Inatiiwa."

Binti alimpeleka kesho yake, na malipo hayakukatika. Lakini kwa wiki sita mzee aliishi na nusu ya dawa na hofu nzima. Presha ya namna ile ingeweza kumletea kiharusi, na chanzo kingekuwa sentensi moja iliyoandikwa vibaya.

Tatizo hili halipo kwetu tu. Marekani, ambako idara ya serikali inayohudumia maveterani hutuma barua nyingi sana, walilipima. Katika miaka ya 1990, ofisi moja ya idara hiyo katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, iliamua kuhesabu simu zinazopigwa na maveterani baada ya kupokea barua moja ya kawaida. Barua zipatazo 750 za muundo wa zamani zilizaa simu 1,128 kwa mwaka. Yaani kila barua moja ilileta simu zaidi ya moja, ya mtu anayeuliza, "Mnataka nifanye nini?" Kisha wakaiandika upya kwa maneno mepesi na mpangilio unaofuatika. Barua 710 za muundo mpya zilileta simu 192 tu. Ofisi ilikuwa ileile, ikihudumia watu walewale. Kilichobadilika ni maandishi.

Mwaka 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria inayozitaka idara za serikali ya shirikisho kuwaandikia wananchi kwa lugha wanayoielewa. Mwaka 2017 ikaja sheria nyingine kuhusu rufaa za maveterani. Hiyo inaagiza kwamba barua ya uamuzi itaje ushahidi uliozingatiwa na mambo yaliyokubaliwa kwa faida ya mwombaji. Ikiwa amenyimwa, aelezwe ni sharti gani hakulitimiza.

Hata hivyo kazi haijaisha kule. Chukua mfano wa asilimia za ulemavu. Mwanajeshi aliyeumia mgongo anapewa asilimia 50, na kwa tatizo jingine asilimia 30. Wewe na mimi tungejumlisha tupate 80. Idara haijumlishi hivyo. Inachukua 50 kwanza, kisha asilimia 30 ya nusu iliyobaki, ambayo ni 15. Inapata 65, inaizungusha kuwa 70. Hesabu hiyo ina mantiki yake, lakini asiyeelezwa ataamini kwamba amedhulumiwa. Na baadhi ya wanaozipokea barua hizo wametoka vitani na majeraha ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na umakini, au wana msongo wa mawazo unaowafanya washtuke kwa jambo dogo. Barua ngumu inamkuta mtu ambaye kusoma kwenyewe ni kazi.

Hapo ndipo udaktari unapoingia. Mtu mwenye hofu hasomi kama mtu aliyetulia. Jicho linakimbilia neno la kutisha, kama "kusitishwa", na mengine yote yanapita. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wangu. Hakuwa mjinga wala mvivu wa kusoma. Barua ilimpa neno la kutisha mwanzoni na suluhisho mwishoni.

Wapo watakaosema dawa yake ni kuandika kwa Kiswahili. Ni kweli kwamba lugha ni hatua kubwa, na Tanzania mwaka 2021 ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Lakini barua ya mzee ilikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Kiswahili nacho kinaweza kufungwa kufuli. "Stahiki zako zitasitishwa kusubiri kukamilika kwa uhakiki" ni Kiswahili. "Njoo tukuhakiki kabla ya Juni 30, usipokuja pensheni yako itasimama" pia ni Kiswahili. Tofauti yake ni wiki sita za kukata vidonge.

Wengine watasema sheria inataka maneno kamili. Sawa, yawekwe. Lakini yawekwe chini, baada ya mtu kuelewa. Barua njema kwa mstaafu inaweza kuanza na sentensi nne: tumeamua nini, unatakiwa ufanye nini, kabla ya lini, na uje na nini. Kisha namba ya simu inayopokelewa. Vifungu vifuate. Na kabla ya kuituma kwa maelfu ya watu, wapewe wastaafu watano waisome na waeleze walichoelewa. Watakapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha.

Sitaki nionekane nawanyooshea vidole makarani peke yao. Sisi madaktari tuna deni letu. Niliwahi kumwandikia mtoto barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, nikaandika ndani kwamba ni ya haraka, nikaifunga na kumkabidhi mama yake. Alirudi kwangu baada ya wiki tatu, bahasha haijafunguliwa, mtoto amezidi kukonda. Alikuwa anasubiri mwisho wa mwezi apate nauli. Neno "haraka" nilimwambia daktari mwenzangu, sikumwambia mama. Mtoto alitibiwa akapona, lakini siku ile niliona aibu ambayo hadi leo sijaisahau. Tangu hapo hakuna bahasha inayotoka mezani kwangu kabla mzazi hajaniambia, kwa maneno yake mwenyewe, anakwenda wapi na lini.

Na wewe msomaji, wakati ofisi zinajifunza kuandika, jilinde hivi.

Ukipokea barua ya pensheni, bima, mirathi au hospitali, chukua kalamu. Zungushia kila tarehe, kisha pigia mstari kila kitenzi kinachokuagiza jambo: uwasilishe, ufike, ujaze, uambatishe. Mara nyingi barua nzima imo katika maneno hayo machache. Usipoelewa, mpe mtu mwingine aisome, na usimuulize kama ameelewa. Muulize amesoma nini. Ikibaki fumbo, nenda ofisini mapema ukiwa na barua yenyewe na nakala yake. Kuuliza si kukaidi.

Kwa wenye wazazi wastaafu, ulizeni habari za bahasha kama mnavyouliza habari za afya. "Shikamoo baba, dawa umekunywa?" ifuatwe na "Kuna barua yoyote imekuja?" Wazee wengi huficha barua wasizozielewa, kama wanavyoficha maumivu, ili wasiwasumbue watoto.

Na kwa kila anayetumia dawa za kila siku, iwe za presha, kisukari, kifafa au moyo: usikate kidonge wala kuruka siku kwa sababu fedha imeyumba. Njoo useme. Mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu zaidi inayofanya kazi ileile, na kama haipo tutatafuta njia pamoja. Nusu ya dawa haikupi nusu ya kinga.

Mzee wangu bado anakuja kliniki. Presha yake ilichukua wiki kadhaa kutulia. Mara ya mwisho alikuja na bahasha nyingine ya kaki, safari hii haijafunguliwa. Aliiweka mezani kabla hata hajakunja mkono wa shati nimpime. "Anza na hii," akasema.

Tulianza na hiyo.