Marekani: Mzazi wa kuigiza na vita dhidi ya surua

Mwaka 2025 watoto wawili ambao hawakuwa wamechanjwa walifariki dunia kwa surua katika jimbo la Texas, na wagonjwa kote Marekani wakapindukia 2,000, ilhali mwaka 2019, uliohesabiwa kuwa mbaya, walikuwa 1,274. Chanjo zipo; wenye kuzitilia shaka ni wazazi.

Hapo ndipo unapoonekana uzito wa somo lisilovuma katika vyuo vya udaktari nchini humo: kumhudumia mtoto asiyeumwa. Mtoto hutakiwa kupelekwa kliniki siku chache baada ya kuzaliwa, kisha akiwa na mwezi 1, miezi 2, 4, 6, 9, 12 na kuendelea. Daktari humpima uzito, urefu na mzingo wa kichwa, huuliza kama ameanza kukaa au kutamka, humchanja na kumshauri mzazi. Mwanafunzi aliyezoea wodi, ambako ugonjwa hujitangaza wenyewe, hubabaika mbele ya mtoto mzima na mzazi mwenye maswali.

Kwa hiyo vyuo hutumia wazazi wa kuigiza, mbinu iliyotokana na kazi ya Dkt. Howard Barrows, aliyeanza kutumia mgonjwa wa kuigiza mjini Los Angeles mwaka 1963. Mtoto mchanga hafundishiki kuigiza, hivyo mwanasesere hushika nafasi yake, ingawa halii wala hapigi mateke. Lakini mwigizaji akisema amesikia kuwa chanjo huleta usonji, naye mwanafunzi akamkemea, mazoezi yakiisha humweleza ni neno gani lililomfunga masikio. Mama halisi aliyeudhika huondoka kwa adabu, asirudi tena.

Mafunzo haya hayana tena mtihani wa taifa wa kuyalinda. Ule uliotumia wagonjwa wa kuigiza ulianza mwaka 2004, ukasimamishwa 2020 kwa sababu ya korona na kufutwa Januari 2021. Ada yake ya takribani dola 1,300, mbali na nauli, ilikuwa mzigo, na malalamiko ya wanafunzi yalikuwa ya haki. Hata hivyo, sasa vyuo ndivyo vinavyojipimia kiasi cha mazoezi, na bajeti ikibanwa, ni rahisi kuwapunguza waigizaji kuliko kufunga maabara.

Nayo kazi imezidi kuwa ngumu. Agosti 2025 chama cha madaktari wa watoto, AAP, kilitoa ratiba ya chanjo iliyotofautiana na ya serikali kuhusu chanjo ya korona kwa watoto wadogo. Mzazi aweza kuingia kliniki na ratiba mbili mkononi, akimtaka daktari kijana amweleze afuate ipi.