Mchezo Mdogo Si Mchezo wa Kitoto

Imani iliyoenea miongoni mwa watengenezaji wa ridhaa wa michezo ya kompyuta, yaani wale wanaoifanya kazi hiyo kwa kuipenda baada ya saa za ajira au masomo, ni kwamba ukubwa wa mradi ndio kipimo cha ari ya mtu, na kwamba anayeanza na mchezo wa skrini moja amejidunisha hata kabla ya kujaribu. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi umo katika kompyuta za waumini wake, ambamo falme zenye ramani pana na mashujaa wenye nasaba ndefu zimelala bila hata lango moja linalofunguka.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Mpangaji hudhani kwamba kuongeza vitu maradufu huongeza kazi maradufu, ilhali kinachomla muda si vitu vyenyewe bali ni jinsi vinavyoathiriana: moto ukikutana na maji, upanga ukigonga mlango, adui akitumbukia mtoni. Vitu 10 huzaa jozi 45 za kupima. Vitu 20 huzaa jozi 190, na anayezipima ni mtu yuleyule mwenye saa mbili za usiku.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kumaliza ni stadi inayojitegemea. Katika mchezo wa mhusika mmoja anayeruka mashimo, mtengenezaji hulazimika kuamua kama kitufe cha kuruka kiendelee kupokelewa sehemu ndogo ya sekunde baada ya mguu kuacha ukingo, kwa kuwa asipoiruhusu fursa hiyo, mchezaji ataapa kwamba alibonyeza na mchezo ukamnyima. Uamuzi wa namna hiyo hujulikana tu pale mtu mwingine anapocheza, na hakuna awezaye kucheza ramani ambayo bado inachorwa.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba udogo ni wepesi. Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, ina maumbo 7 tu, na kompyuta yake ya awali, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, hivyo maumbo hayo yakaundwa kwa alama za maandishi. Mwaka 2014 kijana wa Kiitalia, Gabriele Cirulli, alitengeneza 2048, mchezo wenye visanduku 16, katika siku chache za mwisho wa juma. Wala Waswahili hawahitaji mfano wa mbali, kwani bao lina mashimo 32 na kete 64, na bado mabingwa wake huzeeka wakilitafakari.

Watetezi wa mradi mkubwa hukimbilia Stardew Valley, mchezo wa kilimo uliotoka mwaka 2016, ambao Mmarekani Eric Barone aliutengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Hoja hiyo huwageuka wenyewe, maana Barone aliuanza kama zoezi la kunoa stadi zake za kuandika programu baada ya kukosa kazi, akautumikia kutwa nzima kwa miaka hiyo yote, jambo ambalo mtu wa ridhaa hana nafasi nalo. Ukubwa ule ulikuwa matokeo, haukuwa mwanzo.

Mradi unaofaa, basi, ni ule unaoelezeka kwa kitenzi kimoja, kama vile kuruka, kukwepa au kupanga, na ambao kila kisichokitumikia kitenzi hicho kimekwisha kuondolewa. Wahenga walikwisha kusema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mwanagenzi hana sababu ya kuionea haya bahari inayomtosha. Mchezo wa dakika 5 uliokamilika na kuchezwa na jirani ni mchezo. Ufalme usio na lango linalofunguka bado ni mchoro.