Mhandisi Aliyeajiriwa na Wafugaji

Yameenea miongoni mwa wataalamu wa Afrika ya Mashariki mawazo kwamba vyama vya ushirika hudhoofika kwa sababu wanachama wake hawakusoma. Ni mawazo yanayompendeza mtaalamu, kwa kuwa yanamwondolea lawama. Habari za Verghese Kurien wa India zaonyesha kwamba huenda kasoro ikatafutwa kwingineko.

Wilaya ya Kaira, katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Gujarat, si ngeni kabisa kwa watu wa pwani hii, maana familia nyingi za akina Patel waliofungua maduka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam asili yao ni huko. Katika miaka ya 1940 maziwa ya wilaya hiyo yalipelekwa Bombay, safari ya zaidi ya kilomita 400, na kampuni moja tu, Polson, ndiyo iliyopewa na serikali haki ya kuyanunua. Mwenye mahindi aweza kuyafungia ghalani akisubiri bei nzuri; mwenye maziwa hana nafasi hiyo, kwani vijidudu huyachachusha kwa saa chache. Basi mfugaji alipokea bei yoyote aliyotajiwa. Mwaka 1946, kwa ushauri wa Sardar Vallabhbhai Patel, wafugaji waligoma siku 15 bila ya kuuza maziwa. Chama chao kikuu kiliandikishwa tarehe 14 Desemba mwaka huo huo, mwenyekiti wake akiwa Tribhuvandas Patel.

Yafaa isisitizwe kwamba yote haya yalitendeka kabla Kurien hajafika. Alizaliwa Kozhikode, kusini kabisa mwa India, mwaka 1921, akasomeshwa uhandisi huko Michigan, Marekani, kwa fedha za serikali. Mwaka 1949 alipelekwa katika mji mdogo wa Anand ili kulipa deni la masomo kwa utumishi, na hakupapenda hata kidogo. Muda wake ulipokwisha, Tribhuvandas alimwomba abaki kidogo atengeneze mitambo ya chama. Alibaki maisha yake yote.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni nani aliyekuwa bwana na nani aliyekuwa mwajiriwa. Mhandisi hakuja kuwaelimisha wafugaji. Wafugaji ndio waliomwajiri, nao wangeweza kumfukuza. Kwa hiyo maswali ya kisayansi yalitoka kwao. Nyati wanaofugwa huko hutoa maziwa mengi sana majira ya baridi, kupita kiasi kilichoweza kununuliwa na Bombay, na ziada ikawa hasara. Dawa ilikuwa kuyakausha yawe unga. Lakini wataalamu wa Ulaya walishikilia kwamba maziwa ya nyati hayakaushiki kwa sababu yana mafuta mengi, yapata asilimia 7. Harichand Dalaya, mwenzake Kurien, alithibitisha kwamba yanakaushika, na kiwanda kikafunguliwa mwaka 1955. Nchi zenye ng'ombe tu hazikuwa na haja ya kulitatua fumbo hilo, na pengine ndiyo maana zikaliona haliwezekani.

Huko kijijini utaratibu ulikuwa sahili. Maziwa yalipokelewa asubuhi na jioni, yakapimwa wingi na mafuta mbele ya mwenyewe, na malipo yakafuata kipimo. Kipimo cha mafuta kilimzuia anayetia maji, kikamzuia vile vile karani mwenye upendeleo.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1970. Ulaya ilikuwa na milima ya unga wa maziwa na siagi isiyo na mnunuzi, na msaada wa namna hiyo ukimwagwa sokoni bure huua ufugaji wa nchi inayosaidiwa. Kurien alitaka uchanganywe na maziwa ya wenyeji, uuzwe mijini kwa bei halali, na fedha zijenge vyama vijijini. Mpango huo ulipomalizika mwaka 1996 palikuwa na vyama vya vijiji zaidi ya 70,000, vyenye wanachama zaidi ya milioni 9. Miaka miwili baadaye India iliipita Marekani kwa wingi wa maziwa.

Tanzania ilivunja vyama vyake vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Katika Kenya, shirika la KCC, lililoanzishwa na walowezi mwaka 1925, liliporomoka miaka ya 1990 na serikali ikalazimika kulifufua mwaka 2003. Mahali pote pawili wafugaji na wakulima walikuwapo, tena wenye bidii. Kilichokosekana ni ile haki ya kumwajiri meneja na kumwachisha kazi.

Walakini Kurien mwenyewe hakuifuata kanuni hiyo mpaka mwisho. Alishika uenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Maziwa tangu 1965 hadi 1998, miaka 33, na hapana mfugaji aliyempigia kura katika kiti hicho. Wapinzani wake waliuliza pia swali ambalo halikujibika kwa hesabu za lita: vipi asiye na shamba la majani? Na katika vijiji vya Anand, kama katika vijiji vya Tanga au Kilimanjaro, aghalabu mwanamke ndiye aliyekata majani na kukamua alfajiri, huku jina lililoandikwa katika daftari la chama likiwa la mumewe.